Somo la mifumo ya taarifa lianzie Mwanjelwa

Huu ni mwaka wangu wa tatu Ujerumani, kwenye mji mdogo usio mbali na Walldorf, na muhula uliopita nimemaliza somo la utangulizi wa mifumo ya taarifa za biashara. Ni mara ya pili kulisoma. Mara ya kwanza ilikuwa Mbeya, ngazi ya stashahada, kwenye chuo ambacho sitakitaja kwa sababu ninachosema kinahusu vyuo vingi.

Mbeya tulianza na fasili. Mwalimu anasoma, sisi tunaandika: mfumo wa taarifa una vifaa, programu, data, taratibu na watu. Mtihani ukaja: "Taja na ueleze sehemu tano za mfumo wa taarifa." Nikazitaja zote, nikapata alama nzuri. Jioni ile ile nikapanda daladala kwenda kumsaidia mama kufunga biashara yake ya mchele kwenye soko la Mwanjelwa, nikazipita sehemu zote tano bila kuzitambua. Hilo linaniuma mpaka leo.

Huku, wiki tatu za mwanzo hatukugusa kompyuta. Tuliambiwa: nenda kwenye biashara yoyote, kaa saa mbili, andika kila taarifa inayopita. Nani kaitoa, nani kaipokea, inatunzwa wapi, na uamuzi gani unafanyika kwa sababu yake. Nikaenda duka la mikate. Mlangoni wamebandika tangazo kwamba wanapokea pesa taslimu tu, jambo ambalo bado ni la kawaida hapa. Risiti lakini lazima wakupe, kwani tangu Januari 2020 sheria inamtaka mwenye mashine ya mauzo ya kielektroniki kutoa risiti kila anapouza. Kwetu Tanzania mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, zilianza 2010, na M-Pesa 2008. Ndugu zangu mnaoamini kwamba Ulaya imetutangulia kwa kila kitu, kwenye hili si hivyo.

Mwalimu wetu alitukumbusha pia habari ya SAP, kampuni ya programu za biashara yenye makao yake Walldorf, jirani kabisa na tunapoishi. Ilianzishwa 1972 na watu 5 waliotoka IBM, kampuni ya kompyuta. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha kampuni ya kemikali ya ICI pale Östringen, nao waliandika programu hukohuko kwa mteja, kwa kutumia kompyuta ya mteja, kwa sababu hawakuwa na ya kwao. Kazi ilikuwepo kwanza, programu ikaifuata.

Zoezi la mwisho lilikuwa kuchora biashara ya nyumbani. Nikachora ya mama. Anauza mchele wa Kyela, rejareja kwa wapita njia na mali kauli kwa mama lishe: wanachukua asubuhi, wanalipa wakishauza. Deni linaandikwa kwenye kaunta buku. Malipo mengine yanaingia kwa Lipa Namba, na akitaka fedha mkononi anakwenda kwa wakala, ambaye naye ana daftari lake. Muamala mmoja umeandikwa mara mbili, kwenye hifadhidata ya kampuni ya simu na kwa kalamu kwenye karatasi. Darasa zima likaamka. Kwa nini mara mbili? Zisipolingana, ipi inaaminiwa? Wenzangu wamekulia kwenye mifumo iliyofichwa nyuma ya kaunta. Hawajawahi kuona deni likiandikwa.

Halafu nikawaeleza lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Kisheria gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima wa viazi Uyole anajua gunia linalopakiwa kwenye lori limeshonewa kilemba juu. Sasa ukiingiza "gunia 1" kwenye kompyuta, umeingiza nini? Hakuna programu itakayokuokoa hapo. Lazima kwanza watu wakubaliane gunia ni kilo ngapi, na kutokukubaliana huko mkulima ndiye anayekulipia. Mhadhara mzima wa ubora wa data umo ndani ya gunia hilo, na chuoni Mbeya hatukuligusa hata siku moja.

Soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006 nilikuwa bado mdogo. Mama alipoteza mchele, na alipoteza daftari la wadaiwa. Mtaji aliutafuta upya kwa miaka. Madeni yale hayakurudi, isipokuwa kwa wachache waliokuja wenyewe kulipa. Nilipofundishwa nakala rudufu, yaani kutunza nakala ya pili ya data mahali pengine, huku ugenini, nilikuwa naiona sura yake asubuhi ile.

Maabara zenye kompyuta chache ni tatizo la kweli Mbeya, na Iringa pia, na zinahitaji fedha. Lakini kuwapeleka wanafunzi sokoni kwa saa mbili na daftari ni nauli ya daladala tu. Walimu wangu, nawaomba hilo kwa heshima zote: wiki ya kwanza, kabla ya fasili.

Nilimwambia mama haya kwa simu. Akasikiliza, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, umesomea daftari langu?" Nikamjibu ndiyo. Tangu wiki ile, kila akifunga biashara anaupiga picha ukurasa wa siku na kunitumia. Wa jana una majina tisa, sita yamepigwa mstari.