Malisho ya kijiji yanahitaji karatasi pia

Habari yenu kuhusu wanakijiji wa Karamoja, nchini Uganda, walioziba makorongo kwa mawe na kuyapumzisha malisho yao ili nyasi zirudi imeeleza kazi ya mikono kwa ustadi, ila imepita haraka mno juu ya swali la nani anayemiliki ardhi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inawaruhusu wanaomiliki ardhi kwa mila kuunda chama cha ardhi ya jumuiya, chenye viongozi wasiopungua 3 na wasiozidi 9, angalau theluthi moja yao wakiwa wanawake, na kukubaliana mifugo mingapi ichungwe na kuni zikatwe wapi. Hiyo theluthi si pambo: mama anayekwenda kuokota kuni ndiye wa kwanza kujua ni mti gani umegeuzwa mkaa usiku.

Huku kwetu kaskazini mashariki, bwawa la kunyweshea ng'ombe lilichimbwa upya na kijiji kizima, lakini mvua ziliponyesha mtu mmoja alipiga vigingi ukingoni na kupanda mihogo (ambayo, kusema kweli, ilistawi sana). Kwa kuwa hapakuwa na hati yoyote yenye jina la jumuiya, wazee walibaki kumsihi tu.

Wafadhili wanaogawa miche watenge basi sehemu ya fedha zao kwa ajili ya mpima ardhi na gharama za kusajili vyama hivyo, kabla uzio wa kwanza haujajengwa.