Msing'oe kila jani Naivasha

Kila gugu maji, mmea unaoelea, linapoziba gati za Ziwa Naivasha, Kenya, mwito huwa ule ule: ziwa lisafishwe, majani yote yatoke. Mwito huo unaniuma kwa sababu haubagui.

Gugu maji, mgeni aliyeonekana ziwani 1988, liondoke, hilo sibishi. Mvuvi aliyekwama na mtumbwi hana subira ya habari za mabuu. Lakini jani lililoota chini ya maji ni kitu kingine kabisa. Lipitishe kati ya vidole, utahisi utelezi. Huo ni mwani, vimea vidogo mno vya majini. Ukiachwa, hunenepa mpaka jani likakosa mwanga na kufa. Wanaoukwangua ni konokono na mabuu wa usubi wa ziwani. Sukasua fungu la majani hayo kwenye beseni jeupe lenye maji, tope litulie: vijiuzi vinavyojipinda ndio hao mabuu. Aliyetulia, mwenye macho makubwa, ni buu la kereng'ende. Mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono. Kiluwiluwi wa mbu akisogea, anaukunjua na kumnasa.

Naivasha imeshalipia somo hili. Kamba wa maji baridi, jamii ya kaa, waliletwa kutoka Louisiana, Marekani, 1970, wakakata mashina, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 majani ya chini na yungiyungi yalikuwa yametoweka. Pasipo mizizi ya kushika tope, upepo wa alasiri unalitibua pamoja na fosforasi yake, ambayo ni mbolea ya mwani. Mwani unaoelea unaneemeka, maji yanakuwa kijani, mwanga haufiki chini, majani hayaoti tena. Samaki aina ya karpi, walioonekana 2001, wanaongeza balaa: wanafukua tope wakitafuta mabuu wekundu wa usubi.

Basi gugu livutwe zima na mizizi yake, kwa maana kipande chenye chipukizi huota upya. Likung'uteni majini kabla ya kulipakia, mabuu waliojishika mizizini waanguke. Lirundikwe mbali na ukingo. Likiozea pale, mbolea yake inarudi ziwani. Mafunjo yaacheni, hasa kwenye midomo ya mto Malewa na Gilgil, ndiyo yanayochuja tope la mashambani.

Na pimeni maji: sahani ya sentimita 20, robo zake zikipokezana nyeupe na nyeusi, ishusheni kwa kamba yenye alama za kina. Ikipotea machoni kabla ya nusu mita, penye kina cha mita mbili majani ya chini hayatashika hata mkiyapanda kwa mkono.