Kisanduku cha 109 Kina Mwenyewe

Jumamosi iliyopita binti ya dada yangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alikuja kwangu Buruburu na kitabu chake cha marudio ya kemia. Tulipofika kwenye jedwali la elementi, alipitisha kalamu juu ya safu ya mwisho na kusema, "Mama mdogo, hizi tuliambiwa tuziruke, ni majina tu." Kalamu yake ilikuwa imesimama kwenye kisanduku cha 109, chenye herufi Mt, na neno lile limenikera wiki nzima.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mtihani hauulizi meitneriamu, na kwamba elementi hiyo haina matumizi yoyote nje ya utafiti. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na vipindi vichache ana sababu ya kuharakisha. Hata hivyo, kuruka ni jambo moja, na kumwambia msichana kwamba hapo hakuna kitu ila jina ni jambo jingine kabisa.

Lise Meitner alizaliwa Vienna mwaka 1878. Alipofika Berlin mwaka 1907 kufanya utafiti pamoja na mkemia Otto Hahn, wanawake hawakuruhusiwa katika maabara za taasisi ile, kwa hiyo mwanafizikia huyu aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu alitengewa chumba kilichokuwa karakana ya seremala. Walishirikiana kwa takriban miaka 30, hadi Julai 1938, alipolazimika kuitoroka Ujerumani ya Hitler kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Desemba ya mwaka huohuo Hahn na Fritz Strassmann waliipiga uraniamu kwa nyutroni wakakuta bariamu, wasiweze kueleza ilikotoka, na Hahn akamwandikia Meitner uhamishoni Uswidi. Akitembea thelujini wakati wa Krismasi na Otto Frisch, mwana wa dada yake, Meitner aling'amua pamoja naye kwamba kiini cha uraniamu kilikuwa kimepasuka vipande viwili, na wakakokotoa nishati inayotoka humo. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 ilipewa Hahn peke yake.

Hahn alikuwa mkemia hodari, na kuitambua bariamu ile ilikuwa kazi yake na Strassmann, hilo sitamnyima. Lakini aliyefumbua maana ya kazi hiyo alikuwa mwanamke mkimbizi, naye akaachwa nje ya mlango kwa mara ya pili. Kila ninapoisoma habari hii hasira hunirudia kana kwamba ilitokea jana.

Tarehe 29 Agosti 1982, mjini Darmstadt, kundi lililoongozwa na Peter Armbruster na Gottfried Münzenberg lilirusha viini vya chuma kwenye shabaha ya bismathi. Chuma ni 26, bismathi ni 83, na mtoto yeyote anaweza kujumlisha akapata 109. Ilipatikana atomu moja tu, ikadumu kwa sehemu elfu chache za sekunde, nao wakaipa jina la Meitner, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1968. Wakati huo Wamarekani, Warusi na Wajerumani walikuwa wakigombania majina ya elementi kuanzia 104 hadi 109, na ugomvi huo haukuisha hadi mwaka 1997. Katika orodha yote hiyo, jina la Meitner ndilo ambalo halikupingwa na yeyote. Hahniamu, jina ambalo Wamarekani walilitaka kwa elementi ya 105, lilikataliwa, na kisanduku hicho leo ni cha dubniamu. Kuriamu ni ya Marie Curie pamoja na mumewe, kwa hiyo Meitner ndiye mwanamke pekee wa historia, tukiacha wale wa ngano, mwenye elementi asiyoshirikiana na mtu.

Hapa Nairobi, hata uwe umetoka jamii gani, mzee akikutana na mtoto atamwuliza jina lake, kisha atamwuliza alipewa jina la nani. Binti huyu wa dada yangu ana jina la marehemu mama yangu, na hakuna mtu wa ukoo wetu ambaye angethubutu kumwambia kwamba hilo ni jina tu. Aliyekuwa akiitwa hivyo alilima, alisomesha, alizika, na mtoto anaambiwa hayo yote kabla hajajua kuandika.

Wachapishaji wa vitabu vya marudio wameacha ukingo mtupu chini ya jedwali lile. Sentensi mbili zingetosha: moja juu ya karakana ya seremala, nyingine juu ya barua iliyofika Uswidi. Siwadai sura nzima. Jumamosi hii binti yangu anarudi, na kabla hatujagusa elementi 20 za mwanzo tutaanza na kujumlisha 26 na 83.