Betri ya gari: boneti au buti?

Mpwa wangu ana Toyota Corolla ya 1997, gia za mkono, milango imeanza kuliwa na kutu lakini injini bado ina pumzi. Tangu kaskazi ianze kuchemsha Malindi, betri imemfia mara mbili, na sasa kashikilia jambo moja: aitoe chini ya boneti, aihamishie kwenye buti. Kebo alishanunua. Alinijia nayo imeviringishwa begani kama mvuvi na kamba ya nanga.

"Mjomba, BMW wameweka betri nyuma miaka na miaka. Wao wajinga?"

Si wajinga. Gari nyingi za BMW hubeba betri nyuma ili uzito wa mbele na wa nyuma ukaribiane nusu kwa nusu. Mini ya kwanza, ya 1959, ilikuwa nayo kwenye buti, na Mazda MX-5 ya 1989 vilevile. Kijana akanitajia na Prius, ile Toyota ya haibridi inayotumia petroli na umeme, na hapo ndipo nilipompata. Betri ndogo ya volti 12 ya Prius haizungushi injini. Kazi hiyo hufanywa na ile betri kubwa ya haibridi. Ndogo kazi yake ni kuamsha kompyuta na kuwasha taa, kwa hiyo waya wake haubebi mzigo wa stata, ile mota inayozungusha injini hadi iwake. Ukiiga Prius kwenye Corolla, umeiga sura tu.

Hoja yake ya joto naikubali. Betri ya risasi na asidi, yaani ile ya kawaida ya gari, huchoka upesi ikipata joto. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi 25 hukata maisha yake karibu nusu. Umetoka Mombasa, kilomita kama 120, umefika mjini saa nane mchana ukazima gari: feni imenyamaza, joto lote limebaki mle chini ya boneti na betri imo ndani yake. Buti nalo hupigwa jua, lakini halina injini ya kulipika.

Uzito, hapana. Hili vijana wanalipenda kwa sababu linanukia mashindano. Betri ya Corolla ina kilo kumi na kitu. Hata tuseme 15, ukiipeleka nyuma kabisa mzigo wa mbele utapungua kama kilo 20, yaani karibu asilimia mbili ya gari lote. Na Corolla huvutwa na magurudumu ya mbele! Mwenye kupita njia za mchanga huku kwetu anajua tairi la mbele likianza kuzunguka bure humwomba mwenzake akalie boneti, si buti. BMW nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kwao betri ya nyuma inakandamiza tairi linalofanya kazi. Hesabu ile ile, gari jingine, jibu la kinyume.

Kisha kuna kebo, na hapa ndipo watu huungua, kwa maana zote mbili. Stata inapoanza kuzungusha injini huweza kuvuta ampea 200. Kebo ya shaba ya milimita 16 za mraba yenye urefu wa mita 5 itameza zaidi kidogo ya volti 1 njiani. Ya milimita 35 itameza nusu volti. Huo ni upande wa chanya pekee. Upande wa hasi umeme unarudi kupitia bodi, na bodi ya gari la pwani, lenye umri huu, usiiamini mpaka ukwangue rangi uone chuma. Nilichukua kisu nikaparuza ncha ya kebo ya mpwa wangu. Nje shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba, ile wanayouziwa watu wa spika. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya shaba, na kwenye hewa hii ya chumvi maungio yake hayakawii kuoza.

Hata kebo ingekuwa ya shaba tupu, ningemuuliza fyuzi iko wapi. Betri ikiwa mbele, waya wa stata ni mfupi na hauna mahali pa kuchubuka. Ukiupitisha chini ya zulia, kando ya kiti cha nyuma ambacho kwenye gari nyingi ndicho kilichokalia tangi la petroli, siku ukikatika ngozi ukagusa bodi hakuna cha kuuzuia usiwake moto isipokuwa fyuzi nene iliyofungwa hapo hapo betri inapoanzia. Ukiifunga mbele karibu na injini, umelinda injini ukaacha mita 5 za moto wazi. BMW wenyewe waliliona hili: kwenye magari yao mengi kichwa cha betri kina baruti ndogo inayokata kebo ya stata gari linapogonga. Sehemu hiyo haiuzwi kwa fundi wa kando ya barabara.

Halafu hewa. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa cheche yatosha kuiwasha. Buti la gari la saluni limetengwa kidogo na abiria, ingawa si kwa kuziba kabisa. Linahitaji betri iliyofungwa vizuri na kibomba cha mpira cha kutolea hewa nje. Probox ndiyo usiniulize. Ile haina buti, ina sebule. Abiria wa mwisho atasafiri akivuta pumzi ya betri.

Ningemwambia ndiyo kama angekuwa amebadilisha injini kuwa kubwa na betri imekosa pa kukaa. Hapo nafasi ndiyo hoja, na nafasi haibishaniwi: shaba ya milimita 35, fyuzi nyuma, raba kila kebo inapopenya bati, kibano cha chuma na si mpira wa baiskeli. Lakini injini ya gari lake ni ile ile lililozaliwa nayo.

Tukafungua boneti. Kichwa cha chanya kimejaa unga wa kijani mnene kama ukoko. Cha hasi nilikizungusha kwa vidole bila spana. Maji ya betri yalikuwa yamepungua hadi chini ya sahani zake za risasi. Nikamwambia awashe gari, nikaweka mita: volti 15.3. Kawaida haipiti sana 14.5. Yaani altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, ilikuwa ikiikaanga kwa chaji ya kupita kiasi siku zote, joto la kaskazi likisingiziwa, na angeihamishia nyuma hivyo hivyo angekuwa amehamisha jiko hadi chumbani.

Akanyamaza kidogo. "Na kebo je, mjomba?"

Fundi amebadilisha rigyuleta, kidhibiti cha chaji ya altaneta, na mita sasa inasoma 14.2. Vichwa vimeoshwa kwa maji ya moto na magadi, vikapakwa grisi, na tumeweka kipande cha bati kati ya betri na bomba la moshi. Kebo imekwenda kwenye buti hata hivyo: amenunua amplifaya, na fyuzi ameweka karibu na betri bila kuambiwa. Sasa usiku namsikia akija tangu yuko kona ya msikiti.