Video ya jarida isijipeleke YouTube

Kuna ushauri wanaopewa waandishi wa majarida ya barua pepe ambao unaniudhi sana: unganisha chaneli yako ya YouTube, washa usambazaji, yaani video ya kila toleo ijipakie yenyewe huko, halafu sahau. Substack, jukwaa la kutumia majarida hayo, inakuwezesha kufanya hivyo, na kuunganisha ni kazi ya dakika chache. Hilo la kusahau ndilo ninalolipinga.

Jarida lina njia ya kusahihishwa. Barua pepe iliyokwisha kufika hairudi, lakini ukurasa wa mtandaoni unaufungua, unabadilisha video, unaandika masahihisho juu kabisa, na toleo linalofuata unawaeleza walewale waliolisikia kosa, kwa kuwa anwani zao unazo. YouTube hairuhusu faili jipya chini ya kiungo kilekile. Kwenye YouTube Studio, sehemu ya kusimamia chaneli yako, unaweza kukata kipande, lakini kuingiza sentensi sahihi mahali pa iliyokosewa haiwezekani. Ukifuta na kupakia upya unapata kiungo kingine, na idadi ya watazamaji pamoja na maoni yao vinapotea. Aliyekwisha kuitazama humjui, wala huna pa kumwandikia.

Chukua jarida la wafugaji wa kuku wa kienyeji. Msemaji kateleza ulimi, kasema chanjo ya I-2, ya ugonjwa wa kuku uitwao kideri, irudiwe kila baada ya miezi 6 badala ya 3. Kwenye jarida kosa linarekebishwa asubuhi ileile. Nakala iliyojipakia YouTube inabaki kama ilivyo, na mfugaji wa Singida akitafuta mwakani habari za chanjo ya kideri, atakutana na hiyo. Anaweza kupoteza banda zima kwa kumwamini mtu ambaye alikwisha kujisahihisha kwingine!

Kwa hiyo nakala ifike YouTube ikiwa ya faragha, yaani umma hauioni. Jukwaa lako likikupa nafasi ya kuchagua, chagua hivyo. Lisipokupa, zima usambazaji upakie mwenyewe. Mipangilio ya awali ya upakiaji uliyoweka kwenye YouTube Studio haitakulinda hapa, kwani inahusu video unazopakia mwenyewe kwa kivinjari. Nakubali, shingo upande, kwamba anayetumia bando anapata nafuu faili likitoka seva hadi seva bila kupandishwa mara mbili. Hata hivyo, bando linanunuliwa tena.

Video ikiwa bado ya faragha, ifanyie kazi. Kichwa kina nafasi ya herufi 100, na "Toleo la 14: Habari za wiki" halimwambii kitu mtu asiyelijua jarida lako, andika jambo lenyewe. Kiungo cha jarida kikae mstari wa kwanza wa maelezo, ila hakitabonyezeka mpaka chaneli ifunguliwe vipengele vya juu (advanced features). Ukitaka video igawanywe katika sura kwa alama za muda kwenye maelezo, alama ya kwanza iwe 0:00, alama zisipungue tatu, na kila sura ifike sekunde 10. Hakikisha pia haijatiwa alama ya maudhui ya watoto, maana hapo maoni yanafungwa.

Kipande cha wima kisichozidi dakika 3 kinaingia Shorts, sehemu ya YouTube ya video fupi, na tangu Agosti 2023 viungo kwenye maelezo ya Shorts havibonyezeki. Ukikitegemea kikuletee wasomaji, kiungo kitaje kwenye video ndefu.

Wakati wa kuunganisha, Google itakuuliza unatumia chaneli gani. Soma jina kabla ya kubonyeza, kwa sababu mwenye chaneli ya binafsi na ya kazi huishia kwa urahisi kwenye ile ya binafsi. Akaunti ambayo haijathibitishwa kwa simu haipokei video inayozidi dakika 15. Na kama kuna wasomaji wanaolipia, angalia kila toleo ni nini hasa kinachotumwa nje.

Wanaojiandikia programu ya kupakia kupitia API, njia ya programu kuwasiliana na YouTube moja kwa moja, wana tatizo tofauti. Mradi ulioanzishwa baada ya tarehe 28 Julai 2020 na ambao YouTube haijaukagua, video zake zote zinafungwa katika hali ya faragha. Kuomba rufaa hakusaidii: omba mradi ukaguliwe, na video zilizokwisha kufungwa zipakie upya kwa mkono.