1847: Nani alimvika mtoto kile kibao?

Mvulana yuko darasani, shingoni kaning'inizwa kipande cha mti kwa uzi. Mkaguzi mgeni anauliza ni cha nini. Anajibiwa kuwa ni fedheha: mtoto amenaswa akisema Kiwelisi. Mkaguzi akaandika kwamba mvulana yule hakuwa na la kufanya. Kiingereza hakijui, kwa hiyo ama aseme Kiwelisi ama akae kimya.

Maelezo hayo yamo katika ripoti ya serikali ya mwaka 1847 kuhusu elimu ya Wales, vitabu vitatu vyenye majalada ya buluu ambavyo Wawelisi mpaka leo wanaviita Brad y Llyfrau Gleision, Usaliti wa Vitabu vya Buluu. Nimeanza nayo kwa makusudi. Msomaji aliyesoma Kenya, akabebeshwa "diski" kwa kosa la kutamka neno la kwao uwanjani, akiisikia habari ya Wales huielewa mara moja, na huielewa hivi: London ilituma makamishna watatu kukagua shule, wakaikashifu lugha, kibao kikaletwa shuleni, lugha ikafa. Hadithi fupi, na mwovu wake anajulikana. Tatizo ni kwamba kibao kilikuwapo kabla makamishna hawajafika, na wao wenyewe hawakukipenda.

Hilo lisichukuliwe kuwa nawasafisha. Makamishna wote watatu, Lingen, Symons na Johnson, walikuwa Waingereza, Waanglikana, hakuna aliyejua Kiwelisi, nao walipelekwa kwa watu ambao wengi wao walisali kwa Wabaptisti, Wamethodisti na Waindependenti. Mashahidi waliowategemea walikuwa kwa sehemu kubwa makasisi wa Kianglikana, yaani watu waliokuwa wakitazama waumini wakiwapita mlangoni kwenda kanisa la jirani. Tunajua ushahidi wa aina hiyo unavyokuwa. Symons aliandika kuwa Kiwelisi ni kikwazo kikubwa kwa Wales, kinazuia maadili na kinazuia biashara. Wakaenda mbali zaidi, wakaingia chumbani: mabinti wa Wales, wakasema, hawana haya, na desturi za uchumba wa vijijini zikaanikwa mbele ya Bunge kama nguo za ndani kwenye kamba. Mchungaji Evan Jones, aliyejulikana zaidi kwa jina la Ieuan Gwynedd, alikaa akahesabu watoto waliozaliwa nje ya ndoa Wales na Uingereza, akaonyesha kuwa mwenye kunyoosha kidole hakuwa na nafasi ya kunyoosha. Mwaka 1850 akaanzisha Y Gymraes, jarida la wanawake wa Wales. Hasira ile ilikuwa ya haki.

Lakini kuna kundi moja ambalo hadithi ya usaliti hulipita haraka, na likitajwa hutajwa kwa aibu. Ni wazazi.

Shule nyingi zilizokaguliwa hazikuwa za serikali. Zilikuwa za mtu binafsi aliyekodi chumba, ambaye pengine hakuwahi kufunzwa ualimu na alifungua shule kwa sababu kazi nyingine ilimshinda. Mzazi alilipa kwa peni, kila wiki, kutoka kwenye mshahara wa shambani au wa mgodini. Na alichokuwa akinunua kwa peni zile kilikuwa Kiingereza. Tangu sheria ya 1536 iliyoiunganisha Wales na Uingereza, mahakama zilitakiwa kuendeshwa kwa Kiingereza, na asiyekijua asishike wadhifa. Mkulima aliyeshtakiwa alisimama kizimbani akisikiliza hatima yake kwa mkalimani. Mtu wa namna hiyo akitaka mwanawe ajue lugha ya hakimu, utamwita msaliti wa nini? Hata ombi la uchunguzi wenyewe lilitoka kinywani mwa Mwelisi: William Williams, mbunge wa Coventry, mzaliwa wa Llanpumsaint aliyetajirika kwa biashara London. Machi 1846 alisimama Bungeni akaomba itazamwe jinsi watu wa kazi nchini kwake wanavyoweza kujifunza Kiingereza.

Zaidi ya hayo, mzazi yule hakuona kwamba anauza kitu. Kiwelisi kilikuwa na shule yake, nayo ilikuwa bure. Jumapili baba, mama, bibi na watoto walikaa pamoja kanisani, wazee wakijifunza kusoma bega kwa bega na wajukuu, wakisoma Biblia ambayo Askofu William Morgan aliitoa kwa Kiwelisi mwaka 1588, wakibishana juu ya aya. Makamishna hao hao, pamoja na chuki zao, walikiri kwamba shule za Jumapili zilifanya kazi. Kwa hesabu ya mzazi, kulipia kile ambacho mtoto anakipata bure Jumapili kungekuwa ufujaji wa fedha.

Kibao kilizaliwa ndani ya hesabu hiyo. Hakuna sheria ya Bunge iliyowahi kukiamuru. Ulikuwa ujanja wa mwalimu asiyejua njia nyingine ya kuwapa wazazi walichokilipia. Ripoti inaeleza jinsi kilivyotumika katika shule moja ya Llandyrnog, kaskazini: anayesikika akisema Kiwelisi anakabidhiwa, naye anamkabidhi mwenzake atakayemnasa, kikizunguka hivyo mpaka mwisho wa wiki, na anayekutwa nacho anachapwa. Matokeo yake, ripoti inasema, watoto walikuwa wakinyatia nyumba za wenzao jioni ili wawanase wakiongea Kiwelisi na wazazi wao, wapate kuwatwisha kibao. Isome tena hiyo. Mtoto amebana ukutani kwa jirani, anasubiri rafiki yake amjibu mama. Aliyeliandika hilo kama jambo la kukemewa ni kamishna Mwingereza, mmoja wa wale waliolaaniwa.

Kuna takwimu ambayo kila nikiirudia inanisumbua. Sensa ya 1891 ndiyo ya kwanza kuuliza lugha nchini Wales, na zaidi kidogo ya nusu ya watu walisema Kiwelisi. Mwaka 1901 wasemaji walikuwa karibu 930,000. Mwaka 1911 walifika 977,000, idadi ambayo haijafikiwa tena. Yaani miaka zaidi ya 60 baada ya Vitabu vya Buluu, wajukuu wa watoto wa kibao walikuwa wasemaji wengi kuliko wakati wowote sensa imewahi kuhesabu. Kama kibao kilikusudiwa kuua, kilishindwa. Kilichoanguka ni sehemu yao katika taifa, kutoka asilimia 54 hadi 43 na ushei, kwa sababu makaa ya mawe ya kusini yaliita Waingereza na Waairishi kwa maelfu. Ni makaa hayo hayo, kwanza, yaliyowapa Wawelisi wa vijijini ajira ndani ya nchi yao, badala ya wote kupanda meli.

Mwenye hoja ya usaliti ana jibu, na nalikubali nusu. Atasema usihesabu vichwa, tazama mioyo: lugha iliyosukumwa nje ya shule ilibaki ya jikoni na kanisani, na makanisa yalipoanza kupungua watu katika karne ya 20, haikuwa na ukuta mwingine wa kuegemea. Hapo hesabu ya mzazi wa 1847 kweli ilikosea. Lakini kama tunatafuta mtu wa kumlaumu, tumwangalie Lingen baada ya ripoti. Mwaka 1849 alipewa ukatibu wa idara ya elimu, akakaa nao hadi 1869. Katikati ya kipindi hicho, 1862, ulikuja utaratibu wa kulipa ruzuku kwa matokeo: shule ilipata fedha kadiri watoto walivyofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu. Kiwelisi hakikuingiza hata peni. Mwalimu aliyetegemea ruzuku ile kwa mshahara wake hakuhitaji kuambiwa la kufanya.

Na aibu nayo ilifanya kazi yake. Viongozi wa Wales walioapa kuikanusha ripoti walitumia miaka iliyofuata kuthibitisha kwamba wao ni watu wa heshima, na heshima ile ilipimwa kwa kipimo cha Kiingereza. Hugh Owen, mtu aliyeipigania elimu ya Wales kuliko wengi, aliingiza kwenye Eisteddfod, tamasha la mashairi ya Kiwelisi, kikao cha sayansi ya jamii kilichoendeshwa kwa Kiingereza. Chuo alichokihangaikia, kilipofunguliwa Aberystwyth mwaka 1872, kilifundisha kwa Kiingereza.

Tarehe 1 Machi 1947, Siku ya Mtakatifu Dewi, mji wa Llanelli ulifungua shule ya msingi ya kwanza ya serikali ya mtaa kufundisha kwa Kiwelisi. Ilikuwa imepita miaka mia moja tangu ripoti. Shule za aina hiyo zimeenea tangu hapo mpaka Cardiff, na katika madarasa mengi mtoto anarudi nyumbani na lugha ambayo baba na mama hawaijui. Wanaozidai kwenye halmashauri ni wazazi.