Tairi halijapimwa mpaka utaje upepo

Ukifuatilia wanaokagua matairi ya baiskeli za milimani, hasa haya ya mbio za nyika yenye meno mafupi, utasikia maneno yaleyale: linakimbia, linashika kona, halichoshi kwenye kupanda. Sawa. Lakini lilikuwa na upepo kiasi gani? Aliyelipanda ana kilo ngapi? Rimu yake ina upana gani kwa ndani? Hapo wengi hunyamaza, na mimi huacha kusoma. Tairi la inchi 29 kwa 2.25 (kipenyo kwa upana) likiwa na psi 18 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo ndani ya tairi), na hilohilo likiwa na psi 28, ni matairi mawili yaliyochangia jina. La kwanza linalalia mawe, la pili linayarukia. Anayelisifu au kuliponda bila kutaja kipimo cha upepo ametupa habari za pampu yake, si za tairi.

Nasema hivi nikijua hali ya kwetu. Kwa fundi wa pancha kijiweni, kompresa ni ya magari, na geji yake imekusudiwa bajaji mpaka malori. Tofauti ya psi 20 na 24 huioni kabisa kwenye mshale ule. Wengi wetu tunabonyeza kwa dole gumba na kusema "tosha". Kwa safari ya sokoni inatosha kweli. Kwa kulinganisha matairi haitoshi hata kidogo, kwa sababu hizo psi nne unazozikosa kwa kidole zinaweza kubadili tabia ya baiskeli kuliko tofauti ya tairi moja na jingine.

Kuna wanaopima kwa mashine, na hao nawaheshimu. Tovuti ya Bicycle Rolling Resistance, kwa mfano, hukandamiza tairi kwa mzigo wa kilo 42.5 juu ya ngoma ya chuma inayozunguka kwa mwendo wa kama kilomita 29 kwa saa, kisha hupima ni wati ngapi zinapotea. Matairi ya milimani yamekuwa yakipimwa kwa psi 25, 35, 45 na 55. Hapo unapata kitu cha maana: upepo uleule, mzigo uleule, ngoma ileile, kwa hiyo kinachobaki kutofautiana ni mpira wenyewe na kitambaa kilichoufunga. Ndiyo maana matairi mawili yenye meno yanayofanana machoni yanaweza kuachana kwa wati kadhaa. Kinachokula nguvu zaidi ni mpira na kitambaa kujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na hicho huwezi kukiona dukani.

Tatizo ni namna tunavyoisoma ile ngoma. Juu ya chuma, ukiongeza upepo wati zinashuka, kila mara. Mtu akiona jedwali anahitimisha kwamba tairi gumu ndilo lenye kasi, anajaza psi 45, anakwenda kutetemeka barabara ya vumbi ya Monduli mpaka mikono inakufa ganzi. Ngoma haina mpanda baiskeli juu yake. Barabarani, kila jiwe lisilomezwa na tairi linakuinua wewe na baiskeli yako, na nguvu ya kuinua kilo themanini au tisini inatoka miguuni mwako. Utafiti uliofanywa Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Michezo cha Cologne, uliwapandisha watu baiskeli zenye mita ya nguvu, yaani kifaa kinachopima wati za mpandaji, kwenye lami, changarawe na majani. Kwenye lami upepo mwingi ulisaidia; nje ya lami mambo yakageuka, upepo mdogo na tairi pana vikawa vyepesi zaidi. Wachezaji wa mbio za nyika walichelewa kuamini, lakini leo wengi wao wamehama kutoka upana wa inchi 2.1 kwenda 2.25, hata 2.4, na hawajazeeka wala kulegea.

Halafu kuna suala la mwendo. Wati zinazopotea kwenye tairi huenda sambamba na kasi. Tofauti ya wati 10 kwa kilomita 29 kwa saa inabaki kama wati 5 ukiwa unakwenda kilomita 15, na kwenye mlima wa udongo, nani kati yetu anazidi hapo? Wati 5 si bure kwa anayeshindana. Kwa anayezunguka na wenzake Jumamosi, chupa ya maji ya ziada kwenye fremu inaweza kumgharimu karibu hivyo kwenye mlima mkali.

Kwa hiyo mimi natetea jaribio la nyumbani, lakini lifanywe kwa adabu. Tafuta mteremko mdogo unaoishia tambarare, usiokupa kasi kubwa, maana ukikimbia sana unapima upepo wa usoni badala ya tairi. Nenda alfajiri, kabla hewa haijaanza kucheza. Anzia alama ileile, bila kupiga pedeli wala kugusa breki, mwili umekaa vilevile, chupa imejaa vilevile, halafu uone baiskeli inasimama wapi. Tairi la kwanza, kisha la pili, kisha *rudia la kwanza*. Hapo kwenye kurudia ndipo watu wanaposhindwa na uvivu, na ndipo penye jaribio lenyewe: kama tairi la kwanza halikurudi karibu na pale liliposimama mwanzo, basi udongo umekauka, au hewa imeanza kuvuma, au umechoka na umekaa vibaya, na matokeo yote ya asubuhi hiyo ni ya kutupa. Kwenye kona na breki, ambako hakuna cha kupimia isipokuwa hisia, mwombe mwenzako ajaze upepo yeye na asikuambie. Utashangaa jinsi tairi la bei kubwa linavyopoteza sifa ukiwa hujui kama ndilo ulilolipanda. (Jina lililoandikwa ubavuni lifunike kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Sitanii.)

Geji ununue moja ya upepo mdogo na usiibadilishe. Ikikosea kwa psi 1 haidhuru, alimradi inakosea vilevile kila siku. Na pima palepale utakapopanda. Hili watu wa Dar wanaokuja kupanda huku Arusha hulisahau: tairi lililojazwa psi 22 usawa wa bahari litasoma zaidi ya psi 24 ukifika mita 1,400, kwa sababu hewa ya nje imepungua uzito wakati ya ndani imebaki ileile. Joto nalo lina mkono wake. Nyuzi 10 za ziada huongeza psi 1 na kidogo. Baiskeli iliyopakiwa juu ya gari usiku ikateremshwa adhuhuri juani imeshabadilika bila wewe kuigusa.

Udongo wa mvua siusemi sana, kwa kuwa huko meno mafupi hushindwa karibu yote. Ule mfinyanzi mwekundu wa Lushoto wakati wa masika hujaza nafasi kati ya meno, na baada ya hapo unapanda kipara, liwe tairi la laki mbili au la elfu ishirini. Cha kuangalia ni kama meno yameachana kiasi cha kutema tope ukishika kasi. Hilo unaliona kwa macho.

Pancha ndiyo inayonikera zaidi. Kila mkaguzi huandika kwamba katika muda wote wa majaribio hakupata pancha, kana kwamba amethibitisha kitu. Pancha ni bahati ya mahali. Ukipita kwenye mbigili, au chini ya migunga ya Longido baada ya wafugaji kukata matawi ya boma, hata tairi bora linatobolewa. Ukikaa kwenye njia za msitu wa Olmotonyi, la hovyo litadumu. Ili kusema tairi moja lina kinga kuliko jingine unahitaji watu wengi, njia moja, na muda mrefu, na hakuna mwanablogu mwenye hivyo. Afadhali aniambie ubavu una unene gani, kuna kitambaa cha kinga au hakuna, na tairi lina gramu ngapi kwenye mzani wa jikoni na si kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kati ya tairi la gramu 600 na la gramu 750 la ukubwa uleule, mara nyingi zile 150 ndiyo kinga yenyewe.

Hata walio juu kabisa hucheza kamari hiyo. Tarehe 29 Julai 2024, kwenye kilima cha Élancourt nje ya Paris, Tom Pidcock wa Uingereza alipata pancha ya mbele katikati ya mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki. Njia ilikuwa imemwagwa kokoto. Alibadilishiwa gurudumu, akapoteza zaidi ya nusu dakika, akamkimbiza Mfaransa Victor Koretzky mpaka mzunguko wa mwisho na kumpita. Shaba ikaenda kwa Alan Hatherly wa Afrika Kusini. Watu wanakumbuka ule ushujaa. Mimi nakumbuka kwamba alikuwa na fundi aliyesimama na gurudumu jingine mkononi. Wewe huko porini Longido una pampu ndogo, chupa ya dawa ya kuzibia na jua.

Ndiyo maana jaribio ninalolitaka zaidi halifanywi na mtu: tairi linabaki na nini baada ya mwaka. Wakaguzi wengi wa Ulaya hupewa tairi bure, hupanda wiki chache, huandika, hupokea jingine. Sisi tunaliagiza, tunalilipia usafiri na ushuru, na tunataka kujua meno ya katikati yataisha lini, ubavu utaanza kutoa jasho la ile dawa ya kuzibia lini, na kama mpira laini wa mbele utavumilia changarawe ya volkano. Kwa sasa mimi nina la kinga nyuma, psi 23, na jepesi mbele, psi 21, kwenye rimu za milimita 30, nikiwa na kilo 74 bila begi. Mwenye uzito tofauti asininakili. Nimepima urefu wa meno kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, yalipokuwa mapya na nitapima tena mvua za vuli zikianza. Aliye Iringa, Mbeya au Nanyuki na kalipa mkononi afanye hivyo na aniandikie, mradi ataje upepo.